Matairi ya gari jepesi la kimichezo kwa safari ndefu: aina nne kwenye mizani ya barabara za Mwanza

Mwenye Mazda Roadster, Toyota MR-S au gari jingine dogo la viti viwili hapa Mwanza hufika siku moja mbele ya duka la matairi akiwa na swali kubwa kuliko lile analoulizwa. Muuzaji anataka namba ya saizi tu. Mnunuzi anaiwaza safari ya Musoma wiki ijayo, ya Bukoba kwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na pengine ya Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,100; na anatafuta matairi yatakayomfikisha salama bila kumnyang'anya raha iliyomfanya anunue gari la namna hiyo badala ya Premio. Makala haya yanaweka aina nne za matairi kwenye mizani moja. Naendesha Roadster iliyotengenezwa mwaka 2001, nimefunga aina tatu kati ya hizo nne kwenye gari langu mwenyewe, na ya nne nimeijua kupitia gari la rafiki. Pale nitakapotoa maoni badala ya maelezo, nitasema kuwa ni maoni yangu.

Uzito ndio unaobadilisha hesabu

Ushauri mwingi wa matairi tunaousikia kwa mafundi na madereva umetokana na magari mazito kuliko haya. Tuchukue saizi ya gari langu, 195/50R15 82V: 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 50 ni kimo cha ukuta wake (ubavu) kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Ile 82 ni alama ya uzito: kila tairi linaruhusiwa kubeba kilo 475, yaani matairi manne yanaweza kubeba kilo 1,900. Gari lenyewe lina takriban kilo 1,050, na hata likiwa na watu wawili, mabegi mawili na galoni la maji, halifiki kilo 1,300. Matairi yamebebeshwa kama theluthi mbili tu ya uwezo wake, na hapo ndipo mambo manne yanapoanza kwenda tofauti na yalivyo kwenye gari la familia. Upepo unaotakiwa ni mdogo. Mpira huisha polepole, kiasi kwamba mara nyingi tairi huzeeka kabla halijaisha. Ukuta mgumu wa tairi haupindi vya kutosha, kwa hiyo kila tuta hupanda moja kwa moja hadi mgongoni mwa dereva. Na gari jepesi hukaa juujuu ya maji mapema kuliko gari zito lenye tairi la upana uleule.

Upepo nauweka mbele kwa sababu unaharibu tairi zuri kuliko kitu kingine chochote. Kibandiko cha mlangoni mwa gari langu kinasema 26 kwa kipimo cha psi. Roadster za kizazi cha 2015 huandikwa 29. Fundi aliyenifungia matairi mapya mwaka juzi alijaza 35 kama anavyojaza kila gari linaloingia kwake, na mimi sikupima. Nilipofika kwenye rasta za barabarani baada ya Kisesa, gari lilikuwa linaruka kando kwa kila mstari, usukani ukitetemeka mkononi, nikaamini kwamba nimeuziwa matairi mabaya. Nilisimama Magu, nikasubiri yapoe kivulini, nikapunguza hadi 26 kwa kipimo changu kidogo cha mkononi, na kuanzia hapo hadi Bunda gari lilikuwa jingine kabisa. Aliyefunga matairi mapya asiyahukumu kabla ya kupima upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano kwa kila aina, kisha niseme linamfaa nani.

Cha kwanza ni maji, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Mvua ya ziwani mara nyingi huandaliwa usiku na kumwagika alfajiri, saa ileile ambayo msafiri wa mbali anapenda kuondoka. Tena kuanzia Tinde kwenda Nzega, Singida na Dodoma unaingia kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na lami iliyokandamizwa na malori hayo ina mabonde mawili marefu yanayotunza maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kuna kanuni mashuhuri ya watafiti wa NASA wa miaka ya 1960 inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao tairi huanza kuelea pale maji yanapokuwa na kina kuliko mifereji yake. Kwa upepo wa 26 kanuni hiyo inatoa takriban kilomita 85 kwa saa, na kwa upepo wa 32 inatoa takriban 94. Ilitokana na matairi ya ndege, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kama kipimo kamili cha gari lako. Lakini inaonyesha wazi kwamba sisi wenye upepo mdogo tunaanza kuelea katika mwendo ambao watu wengi wanauona wa kawaida, na kwamba kina cha mifereji ndicho kinachotutenga na hali hiyo. Mnunuzi akikuta tairi lenye kibandiko cha Ulaya, aangalie alama ya kushika barabara yenye maji, ambayo huenda kutoka A, iliyo bora, hadi E.

Cha pili ni joto na mwendo mrefu: lami ya mchana, saa sita au saba bila kupumzika vya kutosha. Cha tatu ni mashimo, matuta na kingo za lami zilizomegeka. Cha nne ni usukani, yaani jinsi tairi linavyomweleza dereva kinachotokea chini. Cha tano ni mfuko, na humo naweka bei, muda wa kudumu na uwezekano wa kupata tairi la aina hiyohiyo ukiwa umekwama Shinyanga au Geita.

Aina ya kwanza: matairi ya safari

Haya ndiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kawaida yanayosafiri sana. Bridgestone Turanza na Michelin Primacy ni mifano ya jamii hii. Mpira wake ni mgumu kiasi, mifereji ni mipana na ya kina cha takriban milimita 8 tairi likiwa jipya, na kuta zake ni laini.

*Majini.* Yanapokuwa ya kampuni nzuri, huwezi kuyadharau. Mifereji mipana inatoa maji vizuri, na kwa kuwa mpira unaisha polepole, kina hicho kinabaki kwa misimu kadhaa ya masika. Tofauti kati ya tairi zuri la safari na la bei ya kutupwa huonekana hapa kuliko popote: yote mawili yanafanana yakiwa kwenye rafu, lakini kwenye breki ya ghafla katika mvua ya Usagara hayafanani hata kidogo.

*Juani.* Ndiyo kazi yake. Gari jepesi halilitesi kwa uzito, na mwendo wa saa nyingi haulichoshi mradi upepo uwe sahihi.

*Mashimoni.* Ukuta laini ni faida kubwa kwetu. Unapinda, unameza tuta, na kwa kuwa gari ni jepesi haufiki kubanwa kati ya shimo na ringi kwa urahisi.

*Usukanini.* Hapa ndipo unapolipa. Unapogeuza usukani kuna kitambo kidogo cha kusubiri kabla gari halijaitika, na kwenye kona za mlima Sekenke, ukitoka Shelui kuelekea Singida, tairi hulegea mapema kuliko unavyotaka. Wengine wanaliona hilo kuwa kasoro. Mimi, baada ya miaka miwili ya matairi haya, naona gari jepesi lenye tairi lisiloshika kupita kiasi linaonya mapema na kwa upole, na dereva anajifunza zaidi.

*Mfukoni.* Ni ya bei ya kati, yanadumu, na ndiyo aina ambayo una nafuu ya kuipata mikoani, ingawa saizi zetu hazipatikani kila duka.

*Linamfaa nani.* Mwenye seti moja tu ya matairi kwa mwaka mzima, anayebeba abiria, na anayehesabu safari zake kwa mamia ya kilomita kuliko kwa kona.

Aina ya pili: matairi ya kimichezo ya barabarani

Roadster ya 2015 ilitoka kiwandani na aina hii: Yokohama Advan Sport V105 kwa ringi za inchi 16 na Bridgestone Potenza S001 kwa zile za inchi 17. Watengenezaji walilipima gari lao juu ya matairi ya jamii hii, na hilo si jambo dogo kwa anayetaka gari liwe kama lilivyokusudiwa.

*Majini.* Kwa lami iliyolowa tu, haya hushika kuliko ya safari, kwa sababu mpira wake ni laini na umechanganywa kwa ajili hiyo. Kwa maji yaliyotuama, yakiwa mapya ni mazuri, lakini uzuri huo hupungua haraka kadiri mifereji inavyokwisha. Sheria za nchi nyingi huruhusu tairi hadi mifereji ibaki na kina cha milimita 1.6, lakini kwa gari jepesi na mabonde ya barabara ya Nzega, mimi huyabadilisha yakifika 3.

*Juani.* Hayana tatizo. Alama za mwendo za V na W, yaani kilomita 240 na 270 kwa saa, zinamaanisha tairi limejengwa kuhimili joto kubwa kuliko litakalolipata katika safari halali yoyote ya Tanzania.

*Mashimoni.* Inategemea saizi kuliko aina. Kwenye inchi 15 na 16 yanavumilika. Kwenye 205/45R17 ukuta ni milimita 92 tu, nao ni mgumu, na shimo lenye ukingo mkali hukata nyuzi za ndani kabla hujajua. Nilijifunza hilo kwa gari langu mwenyewe wakati lilipokuwa na ringi kubwa alizofunga mwenye gari wa kwanza. Niligonga shimo lililojaa maji karibu na Misungwi, gari likaendelea kama kawaida, na siku mbili baadaye, nikipitisha mkono nyuma ya gurudumu la kushoto kama ninavyofanya kila wiki, vidole vikakutana na uvimbe wa ukubwa wa nusu ndimu kwenye ukuta wa ndani. Kwa nje tairi lilikuwa zima kabisa. Ukuta uliovimba hauzibwi wala hautibiwi. Tairi hilo lilikwisha siku ile.

*Usukanini.* Hapa ndipo panapolipa gharama. Gari linaitika papo hapo, kona ya Sekenke inakuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na unajua kila wakati tairi la mbele linafanya nini. Ila kwenye mabonde ya malori tairi pana lenye ukuta mgumu hufuata bonde badala ya kukufuata wewe, na saa tatu za kulirudisha gari kwenye mstari wake huchosha mabega.

*Mfukoni.* Ni ghali kuliko ya safari na huisha mapema, ingawa uzito mdogo wa gari unapunguza pengo hilo. Shida kubwa ni kupata moja likiharibika njiani: mara nyingi utaagiza Dar es Salaam na kulisubiri.

*Linamfaa nani.* Mwenye kusafiri zaidi miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, anayependa kuendesha kwa ajili ya kuendesha, na aliye tayari kupima mifereji kila mwezi.

Aina ya tatu: matairi makali ya kiwanjani

Haya ni yale yanayoruhusiwa barabarani lakini yamezaliwa kwa ajili ya viwanja vya mbio: Yokohama Advan Neova, Bridgestone Potenza RE-71RS, na makali zaidi kama Toyo Proxes R888R. Ukiona ubavuni namba ya uchakavu ya Kimarekani (treadwear), ambayo ikiwa kubwa tairi hudumu zaidi, aina hii huwa na 200 au chini yake, wakati ya safari mara nyingi huvuka 300. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inafaa kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili tofauti.

*Majini.* Mifereji ni michache na ya kina kidogo. Yakiwa mapya kwenye mvua ndogo yanavumilika. Yakifika nusu ya maisha yake, maji yaliyotuama yanayapandisha juu bila onyo.

*Juani.* Yanapenda joto, na hilo ndilo tatizo lenyewe kwa gari jepesi: katika barabara iliyonyooka kutoka Shinyanga hadi Nzega hayapati kazi ya kuyapasha, kwa hiyo msafiri amelipia mshiko ambao haufikii.

*Mashimoni.* Kuta ni ngumu kuliko aina zote isipokuwa ya nne. Tena mpira wake laini huokota kokoto za michepuko ya ujenzi na kuzirusha ndani ya madungu, yaani matao ya bodi yanayofunika magurudumu. Kelele yake, paa likiwa limefunguliwa au limefungwa, haikuachi.

*Usukanini.* Hakuna kinachofikia. Kwa kona kumi mfululizo ni raha tupu.

*Mfukoni.* Bei iko juu, maisha ni mafupi, na mikoani hayapo.

*Linamfaa nani.* Mwenye seti ya pili ya ringi nyumbani, anayeyafunga kwa siku maalumu. Niliyatumia miezi minne na sikujuta kuyajaribu, lakini kwa safari ya mbali nisingeyachagua tena.

Aina ya nne: matairi yanayohimili kukosa upepo

Mafundi huyaita ranifleti. Kuta zake zimeimarishwa ili, upepo ukiisha, gari liendelee kutembea; kipimo cha kawaida ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Sababu ya kuyafikiria ni nzito: Roadster za kuanzia kizazi cha 2005 hazikuwekewa tairi la akiba, bali chupa ya gundi na kikompresa kidogo, na gundi haizibi tundu la ukutani.

*Majini.* Inategemea mpira uliotumika juu yake; ranifleti nyingi zina uso wa jamii ya safari au ya kimichezo.

*Juani.* Yana uzito zaidi, pengine kwa kilo moja au zaidi kwa kila tairi, na hiyo ni kilo inayozunguka na kurukaruka chini ya gari ambalo wahandisi walipunguza uzito wake gramu kwa gramu. Yanahitaji pia gari lenye kifaa cha kuonya upepo unapopungua, kwa kuwa ukuta mgumu hauonyeshi kwa macho kwamba tairi limeishiwa.

*Mashimoni.* Rafiki yangu aliyefunga haya kwenye Roadster ya inchi 17 alinirudisha kutoka Bunda hadi Igoma, na kila tuta la kijiji nililihisi kwenye meno. Ukuta uliotengenezwa kubeba gari zito bila upepo hauna sababu ya kupinda chini ya gari la tani moja.

*Usukanini.* Linaitika haraka, lakini linaficha mambo madogo.

*Mfukoni.* Ghali, na likishatembea bila upepo watengenezaji wengi hawashauri lizibwe. Katika saizi ya 205/45R17 yanapatikana kwa sababu magari ya Mini huyatumia. Katika 195/50R15 ni nadra sana.

*Linamfaa nani.* Anayesafiri peke yake usiku mara kwa mara na asiyeweza, kwa afya au kwa usalama, kusimama porini kati ya Lamadi na geti la Ndabaka kuhangaika na jeki. Kwa mtu huyo ugumu wote huo ni bei ya haki.

Saizi na umri, kabla ya kutoa fedha

Ukishachagua aina, saizi inaweza kukuharibia au kukunusuru. Roadster ya kizazi cha 2005 yenye 205/45R17 inaweza kurudi kwenye 205/50R16, ambayo ilitumika kiwandani kwa gari hilohilo: kipenyo kinapungua kwa milimita 5 tu, na ukuta unaongezeka kutoka milimita 92 hadi 102. Milimita hizo kumi ni tofauti kati ya kupita shimo na kuacha ringi ndani yake. Vivyo hivyo mwenye Roadster ya zamani anaweza kutumia 185/60R14 au 195/50R15, kwani vipenyo vyake vinalingana karibu kabisa, na ile ya inchi 14 ina ukuta wa milimita 111. Kwa barabara zetu mimi naipenda ringi ndogo kuliko kubwa, na sioni aibu gari likionekana la zamani.

Kuna muuzaji atakayekwambia kwamba 195 ni 195, akuletee 195/65R15 ya Premio au Noah. Tairi hilo lina kipenyo kikubwa kwa takriban asilimia 10 kuliko 195/50R15. Litagusa madungu, na spidomita itasema 80 wakati unakwenda 88. Mkatalie.

Umri ndio mtego mbaya zaidi, hasa kwa saizi ambazo hazinunuliwi sana na hukaa rafuni miaka mingi. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2223 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2023. Duka moja la hapa mjini lilinipa matairi manne yaliyong'aa, yamepakwa dawa, yenye nywele zake za mpira kama yametoka kiwandani jana. Nililipa. Fundi wa mtaani niliyempelekea aliyainamia kwa tochi ya simu, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akakandamiza ukucha kwenye mfereji. Ukucha haukuacha alama. "Kaka," akasema, "haya yamezaliwa kabla ya mwanangu wa darasa la kwanza." Yalikuwa na miaka saba na kitu. Duka lilikataa kuyarudisha. Tangu siku hiyo nasoma namba kabla ya kufungua pochi, na nakataa lolote lililozidi miaka miwili rafuni, kwa sababu gari jepesi litalitumia miaka mingine mitano au sita kabla halijaisha. Kwa sababu hiyohiyo, matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani, hata yakiwa na mifereji mizuri, yasomwe tarehe yake kabla ya safari ya kwanza ya mbali.

Kwa hali yako

Ikiwa njia zako ni Musoma, Geita, Shinyanga na Bukoba mwaka mzima, masika na vuli pamoja, nawe una seti moja tu, matairi ya safari ya kampuni inayoaminika kwenye ringi ndogo zaidi inayoruhusiwa ndiyo yatakayokupa usingizi.

Ikiwa una gari jingine la siku za mvua, na hili unalitoa kiangazi kwa ajili ya kona na upepo wa ziwani, chukua ya kimichezo ya barabarani, inchi 15 au 16, na ubebe tairi la akiba hata kama litakaa kwenye nafasi ya begi. Gundi ya chupa ibaki kwa ajili ya msumari tu.

Ikiwa una ringi za inchi 17 na huwezi kuzibadilisha, una chaguo mbili za haki: tairi la safari lenye ukuta laini kadiri unavyopatikana, au ranifleti kama kukwama usiku ndiko unakokuogopa zaidi. Epuka matairi yenye alama ya XL pale ambapo saizi hiyohiyo ipo bila alama hiyo; yameimarishwa kwa mzigo ambao gari lako halina.

Mwenye MR-S anabanwa na jambo jingine: matairi yake ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo hayawezi kubadilishana nafasi, na ya nyuma huisha kwanza. Anunue manne ya mtengenezaji na aina moja, na apange bajeti ya kuongeza mawili ya nyuma kabla ya yale ya mbele kuisha.

Ikiwa fedha inatosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa gari lolote kati ya haya. Gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likiteleza nyuma kwenye maji, madereva wengi hawalirudishi.

Na anayeshuka hadi pwani ajue jambo moja ambalo halina tiba dukani. Mwanza na Dodoma ziko karibu usawa mmoja, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, lakini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam hewa ya nje inaongezeka uzito, na tairi lililosoma 26 hapa litasoma karibu 24 kule bila kuvuja hata kidogo. Kwa gari la kilo 1,400 lenye upepo wa 33 tofauti hiyo hupita bila kuonekana. Kwa gari letu ndiyo inayofanya usukani uwe mzito na kingo za tairi zianze kuliwa. Pima alfajiri ya siku ya kwanza pwani, kabla gari halijatembea, ongeza mbili. Na ukirudi Mwanza, pima tena asubuhi, uzitoe.